Kipigo Kilichoitwa Wivu

Enyi majirani zangu, nyinyi mnaosikia mayowe ng'ambo ya ua mkaongeza sauti ya redio, sogeeni karibu. Haya yalitokea milimani kwetu, si mbali. Na mtu nitakayemfuata tangu mwanzo hadi mwisho si mlevi wala jambazi. Ni mzee wa kanisa, mtu ambaye ningemkabidhi ufunguo wa nyumba yangu nikasafiri bila wasiwasi.

Jina lake ni Zephania, lakini watu wote humwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Anaishi na mkewe Rahabu, yaani Mama Eliaichi, katika kitongoji kimoja juu ya Gonja, mahali ambapo maji ya mfereji hupita nyuma ya migomba na tangawizi hulimwa mpaka pembezoni mwa njia. Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Rahabu alikaa kibarazani akichambua maharage ya makande. Mwalimu alikuwa akipogoa mibuni yake, akipiga mluzi wimbo wa kanisani ambao kwaya ilikuwa ikiufanyia mazoezi wiki nzima.

Jirani yao wa karibu alikuwa Hezroni, fundi uashi, na mkewe Jenifer, mshonaji. Walikuwa na binti mmoja, Blessing, wa darasa la tano. Hezroni na Jenifer wote wawili waliwahi kukaa kwenye madawati ya Mwalimu.

Yapata saa kumi jioni Jenifer alipita njiani na mfuko mkubwa kichwani.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Blessing. Same hawajambo?"

"Hawajambo, ila joto lao siliwezi! Gari limepasuka tairi Kisiwani, tumekaa juani karibu saa mbili. Lakini vitambaa vya sare za kwaya nimevipata, mama, rangi ileile mliyonituma."

"Mungu akubariki," alisema Rahabu. "Kapumzike kwanza."

Hakupumzika. Hata maharage hayajaisha kwenye ungo, ukapigwa ukelele uliomfanya Mwalimu adondoshe mkasi. Alikimbilia kwenye ua akachungulia. Jenifer alikuwa chini, vitambaa vya kwaya vimetapakaa matopeni, na Hezroni amesimama juu yake na mpini wa jembe.

"Nilikwambia urudi saa ngapi? Saa ngapi nilikwambia?"

Jenifer aliinua mkono kujikinga. Mpini ukatua mkononi, na Mwalimu akasikia mfupa ukivunjika. Ukainuka tena, ukatua kwenye paji la uso.

"Hezroni! Weka chini!" Mwalimu alipiga kelele huku akivunja ua kwa mwili wake. "Hezroni, utaua!"

Hezroni alimtazama mwalimu wake wa zamani, akautupa mpini, akaenda bombani kunawa mikono taratibu, kama fundi aliyemaliza kazi ya saruji.

Nawaomba mkumbuke vizuri alichokiona Mwalimu. Alimwona mtu mmoja akipiga na mwingine akipigwa. Hakuona ugomvi. Jenifer hakurusha hata jiwe, hakutukana, wala hakupewa nafasi ya kueleza habari ya tairi.

Walipata gari la jirani, wakapitia kituo cha polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3, wakamfikisha hospitalini. Mkono ulikuwa umevunjika mahali pawili, na paji la uso lilishonwa nyuzi kumi na moja. Hezroni alikamatwa siku iliyofuata. Polisi walimwambia Mwalimu kwamba askari wa dawati la jinsia angekuja ndani ya wiki kuandika maelezo yake, kwa kuwa ndiye shahidi aliyeona.

Jumatatu asubuhi Mwalimu na Rahabu walikuwa wakinywa chai. Redio moja ndogo ya Same mjini ilikuwa ikisoma habari.

"Mwanamke mmoja mkazi wa Gonja wilayani Same amejeruhiwa vibaya kufuatia ugomvi wa kifamilia unaodaiwa kuchochewa na wivu wa mapenzi. Inaelezwa kuwa mwanamke huyo alichelewa kurejea nyumbani akitokea Same mjini, hali iliyomkasirisha mumewe."

Ilipoisha taarifa, mtangazaji wa kipindi akacheka kidogo. "Kina mama, tulieni kwenye ndoa zenu jamani. Mjini kuna nini?" Akaweka muziki.

Mwalimu alitua kikombe. "Wivu? Wivu gani? Si alitumwa na kwaya?"

"Mimi ndiye niliyemtuma," alisema Rahabu. "Basi wangetaja jina langu, waseme alitumwa na Mama Eliaichi."

Siku hiyo ya kwanza Mwalimu alikasirika. Lakini redio ilirudia habari ile saa saba na saa moja jioni. Mtu akairekodi, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na chini yake watu wakaanza kuuliza. Alichelewa wapi? Alikuwa na nani? Jumanne, kwenye mashine ya kusaga, mama mmoja alisema amesikia kuna fundi cherehani wa Same anayempa Jenifer vitambaa kwa bei isiyo ya kawaida. Jumatano fundi huyo alikuwa na pikipiki nyekundu. Alhamisi alikuwa na jina. Na hata wanakwaya, waliojua fika safari ile ilikuwa ya nani, walianza kutazamana na kusema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Mwalimu naye, polepole, bila kujua ni saa ngapi hasa, akaanza kuwaza tofauti. Kwani yeye anajua ya chumbani mwa watu? Aliona mwisho tu wa jambo. Redio haiwezi kusema tu. Pengine kuna meseji. Mtu mpole kama Hezroni, aliyejenga ukuta wa kanisa bila kudai ujira, hawezi kuinua mpini bure. Na neno lile, wivu, lilikuwa na utamu fulani wa kumfariji. Lilifanya kitu cha kutisha alichokiona kionekane kama jambo la kawaida, la watu wapendanao waliokosana.

Ijumaa akaja askari wa dawati la jinsia, mama wa makamo aitwaye Beatha. Aliketi kibarazani, akafungua daftari.

"Mwalimu, nieleze ulichokiona."

"Afande, yalikuwa ni mambo ya wivu. Ugomvi wa kifamilia."

Kalamu ya Beatha ilisimama. "Walikuwa wanapigana? Wote wawili?"

"Walikuwa wanagombana."

"Uliona nini kwa macho yako, mzee wangu?"

Mwalimu alitazama pembeni, kwenye ua aliouvunja mwenyewe. "Nilifika mwishoni. Sijui walianzaje. Hawa ni wanandoa, afande, tukilikuza hili tutavunja nyumba ya watu."

Rahabu alitoka jikoni. "Baba Eliaichi! Si ulisikia mfupa?"

"Mama Eliaichi, acha nimalize na mgeni."

Maelezo yakaandikwa hivyo, Mwalimu akatia saini yake ile nzuri ya kialimu.

Hezroni akapata dhamana. Kaka yake mkubwa, Majaliwa, akaitisha kikao cha ukoo, na neno lililotawala kikao lilikuwa lilelile la redioni. Wivu. Jenifer, akiwa na plasta mkononi, aliambiwa amwombe mumewe radhi kwa kumtia wasiwasi. Naye mume aliambiwa apunguze hasira. Kesi, walisema, itajifia yenyewe.

Siku ya tatu baada ya kikao hicho, Jenifer alikuja kwa Mwalimu mchana, ameshika mkono wa Blessing. Rahabu alikuwa ameenda msibani Usangi.

"Mwalimu, naomba utuhifadhi. Siku nne au tano tu, mpaka kaka yangu aje kunichukua. Hezroni ameanza tena kunihesabia dakika nikienda bombani."

Mwalimu aliwaza watu watasemaje mzee wa kanisa akimficha mke wa mtu, tena mke anayesemwa. Akatabasamu kwa upole, ule upole unaoumiza kuliko ukali.

"Rudi kwako, mwanangu. Wivu ni dalili kwamba bado anakupenda. Mnyenyekee, atatulia."

Jenifer alisimama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi nyingine. Ilipokosekana, akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka na mwanawe.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, watu wakiwa ibadani, Hezroni alimpiga Jenifer kwa mwiko wa kujengea, ule wa chuma. Alikuwa amechelewa kutoka kuchota maji. Blessing ndiye aliyekimbia mpaka kanisani pekupeku, akaingia katikati ya mahubiri akiita jina la bibi Rahabu. Madaktari waliokoa maisha ya mama yake. Jicho la kushoto hawakuweza.

Hezroni alikimbilia tambarare akajichanganya na vibarua wa mkonge. Alikamatwa siku ya nne.

Na redio, ndugu zangu, ilisemaje? Mwalimu aliisikia akiwa amesimama mlangoni, koti mkononi, akijiandaa kwenda hospitalini. "Wivu wa mapenzi wamtoa jicho mama wa mtoto mmoja." Aliizima. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuivunja.

Wodini, Jenifer alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji. Rahabu alikuwa kando yake tangu Jumapili, na alipomwona mumewe hakusogea kumpisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Jenifer kabla hajaonyeshwa ni nani. Aliijua hatua yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja... sijui hata nimekuja kusema nini."

"Nesi alikuwa na redio. Nimesikia. Mwalimu, ulitufundisha darasa la sita kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Ulikuwa ukituchapa tukikosea. 'Mtenda yuko wapi?' ndivyo ulivyokuwa ukiuliza."

"Nakumbuka."

"Mara ya kwanza walisema nimejeruhiwa. Hawakusema na nani. Sasa wanasema wivu umenitoa jicho. Wivu una mikono, Mwalimu? Wewe ulikuwepo ile Jumamosi. Mtenda alikuwa nani?"

"Mimi nilidhani wao hawajui, ila wewe unajua," Jenifer aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nilipokuja kwako nilijua nakuja kwa mtu aliyeona. Ukaniambia maneno ya redio."

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani kilichokuwa kitupu, akalia mbele ya wagonjwa na wauguzi. Hakuna aliyembembeleza. Hata Rahabu hakumgusa.

Siku iliyofuata alishuka Same. Kwanza alikwenda kituoni kwa Afande Beatha, akaomba kuandika maelezo upya, na kusema wazi kuwa yale ya kwanza aliyapunguza. Beatha alimwonya kwamba wakili wa Hezroni atamwuliza kwa nini amebadilika, na itamwaibisha.

"Iniaibishe," alisema Mwalimu.

Kisha akaenda kwenye ile redio. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, feni inanguruma. Mwandishi wa ile habari aliitwa Wilbard, kijana wa miaka ishirini na sita, mstaarabu, ambaye alimpa kiti na maji kabla ya kumwuliza shida yake.

"Nani alikwambia ni wivu?" aliuliza Mwalimu.

Wilbard alipekua simu. "Mara ya kwanza nilimpigia ndugu mmoja. Majaliwa."

"Kaka wa mtuhumiwa."

"Ndiye aliyepokea simu, mzee."

"Ukampigia nani mwingine? Mama aliyevunjwa mkono? Mimi niliyeona?"

Wilbard alikuna kichwa. "Nilikuwa na dakika kama kumi kabla ya taarifa. Halafu Mwalimu, habari hizi ndivyo zinavyoandikwa. Wivu wa mapenzi, ugomvi wa kifamilia, kisa meseji. Tumezikuta. Nami siwezi kusema 'mume amempiga' kabla mahakama haijaamua. Nitashtakiwa."

"Hapo una haki. Sema anatuhumiwa kumpiga. Sema amekamatwa kwa tuhuma za kumpiga. Lakini niambie, wivu uliamuliwa na mahakama gani? Kuchelewa kwake kulihukumiwa na hakimu yupi? Mwanamume ulimlinda mpaka akatoweka kabisa kwenye sentensi ya majeraha. Mwanamke ulimhukumu Jumatatu ile, saa mbili asubuhi."

"Sikumaanisha hivyo," Wilbard alisema.

"Najua hukumaanisha. Na mimi sikumaanisha atolewe jicho. Nilisikia maneno yako, nikayaamini kuliko macho yangu, nikampa askari maneno yako badala ya ushahidi wangu. Sijaja kukugombeza wewe peke yako, kijana. Nimekuja kwa kuwa tumelifanya wawili, na waliobaki ni kijiji kizima."

Sitawadanganya kwamba siku hiyohiyo mambo yote yalinyooka. Msimamizi wa Wilbard alisema habari ikishapita imepita. Wilbard alimrudia mara tatu. Wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, alisoma mwenyewe: "Katika taarifa zetu za awali tulisema mkazi wa Gonja alijeruhiwa kwa sababu ya wivu wa mapenzi. Hatukuwa na uthibitisho wa hilo, wala hatukumtafuta yeye. Mama huyo alikuwa ametumwa na kwaya ya kanisa lake. Mumewe anashikiliwa na polisi kwa tuhuma za kumpiga mara mbili na kumsababishia upofu wa jicho moja. Tunamwomba radhi mama huyo." Kisha akataja kwamba kila mwenye kupigwa nyumbani, au jirani anayesikia, anaweza kwenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

Pale mashineni, watu walisikiliza. Yule mama aliyeanzisha habari za fundi cherehani alijifanya anatafuta ndoo yake. Lakini wapo ambao hadi leo, Jenifer akitajwa, huinua nyusi na kusema, "Yule wa Same." Neno likishatoka halirudi lote.

Mahakamani wakili wa utetezi alimsimamisha Mwalimu karibu saa nzima. Alimsomea maelezo yake ya kwanza, neno kwa neno, mbele ya wanafunzi wake wa zamani.

"Je, shahidi, ulisema uongo wakati ule au unasema uongo sasa?"

"Wakati ule," alijibu Mwalimu. "Hezroni alimpiga Jenifer kwa mpini wa jembe. Niliona. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilimwambia askari ugomvi, na haukuwa ugomvi."

Hezroni alihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Jenifer hakurudi katika ile nyumba. Kaka yake alimpangia chumba Same mjini, karibu na stendi, na pale ameweka cherehani yake. Kutunga uzi kwa jicho moja kulimchukua miezi. Sasa anashona sare za shule, na Blessing amehamia shule ya huko.

Mwezi uliopita Mwalimu alimtembelea. Alikaa kwenye benchi la wateja mpaka wateja walipoisha, akavua kofia, akasema aliyokuwa ameyabeba mwaka mzima. Alisema, "Ulikuja kwangu nikakurudisha. Mimi ndiye niliyekurudisha." Hakusema "ulirudishwa," wala hakusingizia bahati mbaya, wala shetani.

Jenifer alisimamisha mguu juu ya pedeli ya cherehani. Akamtazama kwa jicho lake lililobaki.

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema.

Hakusema amemsamehe. Mwalimu hakumwomba aseme. Alivaa kofia yake, akaaga, akaenda kutafuta gari la Gonja.

FUNZO

Ndugu wasomaji, mtu akipigwa, yupo aliyempiga. Tukisema "ugomvi" mahali ambapo mmoja alikuwa na mpini na mwingine hana kitu, tumempunguzia mpigaji nusu ya kosa na kumpa aliyepigwa aibebe. Tukisema "wivu wa mapenzi," tumelifunika tendo la kikatili kwa neno zuri kuliko yote tuliyo nayo. Na tukianza kwa kuuliza mwanamke alikuwa wapi, tumeshahukumu kabla ya kujua.

Waandishi na watangazaji, msikimbilie neno lililozoeleka. Mtafuteni aliyeumizwa, mtafuteni aliyeona, na msiposhika uthibitisho wa sababu, msiweke sababu. Heshimuni mahakama kwa pande zote mbili.

Nasi wasikilizaji tusijidai hatumo. Redio ilisema mara tatu kwa siku, lakini sisi tulirudia mara mia. Ukiliona jambo kwa macho yako, liseme kama ulivyoliona, kwa askari, kwa ukoo, hata kanisani, ingawa watu wote wanasema vingine. Na mama akija mlangoni kwako kuomba hifadhi, mfungulie kwanza. Maswali yatangoja.